Jinsi ya kufukiza ubani vizuri: nguo, chumba na mtungi wa maji

Watu wengi wanalalamika ubani unawakohoza na nyumba inanuka moshi badala ya kunukia, na ukiwaangalia wanavyofanya unakuta shida sio ubani, shida ni moto. Mi nimekulia Ngamiani hapa Tanga, bibi alikuwa anafukiza kila Alhamisi jioni na neno lake lilikuwa moja tu, "msiuunguze, uacheni uyeyuke wenyewe".

Tuanze na kununua manake hapa ndo watu wanapigwa. Ubani ni utomvu wa mti, kule Somalia, Oman, Yemen na Ethiopia wanachanja gome, unatoka mweupe kama maziwa, wanauacha kama wiki mbili ugande ndo wanaukwangua. Kwahiyo tafuta punje zilizokaa kama machozi, njano iliyopauka, zina kivumbi juu. Usinunue uliosagwa, hujui umechanganywa na nini. Mimi niliwahi kuuziwa nusu kilo, nimefika nyumbani nikaweka kwenye kaa, ukatiririka kama mshumaa, moshi mweusi, chumba chote harufu ya vanishi, kumbe wameongezea ulimbo wa misonobari. Niliumia sana maana ilikuwa ya arobaini ya mtoto. Ubani wa kweli ukiuweka kwenye kaa unalainika, unatoa mapovu, moshi mweupe, mwisho unabaki ukoko mweusi. Au loweka punje usiku, asubuhi maji yanakuwa kama yametiwa maziwa (ila ule wa Kisomali wanaouita maydi hauna hiyo gundi, maji yanabaki hivyohivyo na ni ubani mzuri tu, usiutupe).

Manemane nayo ni utomvu, yale mekundu ya kahawia, chungu balaa, changanya punje 1 kwa 4 za ubani, ukizidisha yanafunika kila kitu. Udi ni mti ulioingiliwa na ugonjwa ukajaa utomvu ndani, unatoka India na huko Asia ya kusini mashariki, bei yake mnaijua, uchomeni peke yake.

Na tusisahau sandarusi jamani, utomvu mwingine wa kufukiza, hiyo ni ya kwetu kabisa, mti wake upo kwenye misitu ya pwani. Karne ya 19 ilikuwa inachimbwa ardhini huku mrima (pwani ya bara) mpaka nyuma ya Bagamoyo, ile iliyokaa mchangani miaka na miaka ndo yenye thamani, inapita Unguja inaenda mpaka Salem kule Marekani kutengenezewa vanishi. Mbichi ya mtini iliitwa chakazi, bei yake ya chini. Ukiipata kipande kidogo chanzia nacho, ina ukali kidogo, halafu ubani ufuate.

Sasa moto. Mi napenda kaa la kifuu cha nazi. Tia jivu ndani ya chetezo (kile chombo cha kufukizia), chini kabisa, kama vidole viwili, washia kaa nje mpaka liwe jekundu lote, kisha SUBIRI livae jivu jeupe. Yale makaa ya duara ya dukani yana dawa ya kuwashia, mpaka cheche ziishe kabisa ndo uweke kitu. Punje 3 au 4 ndogo kama choroko zinatosha. Ukiona unatokota haraka na moshi unachoma macho, nyunyiza jivu juu ya kaa, joto litashuka na utasikia harufu inavyobadilika hapohapo, inakuwa tamu tamu.

Nguo: kanga au kanzu iwe na unyevunyevu kidogo, inashika harufu zaidi ya nguo kavu. Pindua tenga juu ya chetezo, tandaza nguo, dakika 10 geuza. Usiondoke hapo hata simu ikiita. Nguo za nailoni usithubutu.

Mtungi ndo watu wameuacha na mi unaniuma, kwasababu maji yale hayana mfano. Mtungi uwe umeoshwa na kukauka kabisa ndani, ukiwa na maji moshi haushiki. Weka mawe 3, chetezo katikati, inamisha mtungi mdomo chini juu ya mawe ili hewa ipite, moshi unapanda unajaa ndani, unaona unachungulia pembeni mwa mdomo kidogo kidogo. Kama dakika 5 basi, ugeuze haraka, funika na sahani ya bati, uache moshi utulie mpaka mtungi upoe. Hapo ndo unamimina maji yaliyochemshwa yakapoa. Ukija kuchota na kata jioni, maji ya baridi, na ule ubani unausikia mwishoni ukishameza.

Chumbani fungua dirisha hata kidogo, makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mwenye pumu na mtoto mchanga watoke kwanza, warudi moshi ukishatulia. Ukimaliza zika kaa kwenye jivu lilelile mpaka life. Ubani uliobaki weka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, mbali na viungo vya pilau, la sivyo wiki ijayo unafukiza karafuu.