Unavuja mkojo ukicheka au kukohoa? Soma hapa kabla ya kuniuliza

Naandika mara moja, nikiulizwa tena nitume hili tu. Hapa Lamu siendi harusi ila kuna mmoja atanivuta pembeni: "Ma', nikipiga chafya navuja."

Chini ya nyonga kuna misuli inayoshika kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Uzazi huilegeza. Hedhi inapokaribia kukoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni hupungua. Ngozi ya uke na ya njia ya mkojo hukonda na kukauka. Ndipo aliyezaa zamani bila tabu huanza kuvuja sasa.

1. Kojoa kwanza.

2. Lala chali, kunja magoti.

3. Itafute misuli yenyewe. Hapa ndipo wengi huharibu, kisha wakasema mazoezi hayafai. Jifanye umeketi na wageni, upepo unataka kutoka nawe unauzuia. Nyuma kutajikaza; endeleza mkazo hadi mbele, kama anayezuia mkojo. Usikie kitu kinapanda kwa ndani. Ukisikia kinashuka, kama unasukuma mtoto, acha papo hapo, unaongeza tatizo. Weka mkono makalioni: yakae laini. Mapaja yasibanane, tumbo lisikazwe. Usizuie pumzi, ikikushinda, hesabu kwa sauti. Na msifanye zoezi hili mkiwa mnakojoa! Ukizoea kuukata mkojo katikati, kibofu hakimwagiki chote, na unaobaki huleta maambukizi.

4. Kaza, hesabu hadi tano, legeza kabisa kwa hesabu ileile. Mara kumi. Kisha kumi za harakaharaka. Mara tatu kwa siku. Mimi huzifanya baada ya alfajiri, adhuhuri na isha, kabla sijakunja mswala. Taratibu ufikie hesabu ya kumi.

5. Kaza *kabla* ya kukohoa, kuinua dumu la maji, au kupanda gatini kutoka mashuani.

6. Choo kisiwe kigumu: maji, mboga, papai. Kama choo ni cha kukalia, weka kigoda chini ya miguu.

Ipe miezi mitatu. Lakini nenda hospitali kwanza ukiona damu baada ya hedhi kukoma mwaka mzima, kitu kinachomoza ukeni, maumivu, au mkojo unaotiririka mchana kutwa.

MASWALI

Mkomani56: Nimefanya siku nne, bado navuja. Hakuna dawa ya haraka?

– Miezi mitatu. Imeandikwa hapo juu.

Mama Wawili: Shoga zangu wanatumia shabu, wasema inabana.

– Inakausha na kuchubua ngozi ambayo tayari imekonda. Misuli haiigusi hata kidogo. Limau vilevile. Kama ukavu ndio unaokusumbua, muulize daktari kuhusu krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, na umwambie kama uliwahi kuugua saratani ya matiti.

Mama Wawili: Lakini wao hawajadhurika.

– Umeuliza, nimejibu.

Asumini: Shangazi, mimi nikikohoa sivuji. Nikishika ufunguo mlangoni tu, mkojo unanikimbiza. Ni jambo lilelile?

– Swali zuri, mwanangu. Silo. Hicho ni kibofu kinachojikaza kabla ya wakati wake. Usikimbie; simama, kaza harakaharaka mara tano au sita, ngoja hamu itulie, ndipo uende polepole. Acha kukojoa "nisije nikabanwa" kila unapotoka, kibofu kitazoea kubeba kidogo. Kahawa na chai punguza, maji usipunguze: mkojo mzito hukichokoza zaidi. Kisha andika siku tatu, umekunywa nini na umekwenda saa ngapi. Karatasi hiyo mpe daktari, itamsaidia.

Asumini: Ahsante sana. Na kikohozi cha mavumbi kisichoisha?

– Kitibishe. Kila kikohozi kinaisukuma misuli chini, utakuwa unajenga huku unabomoa.

Bi wa Shela: Nikiinuka kutoka sujudu tone hutoka. Udhu je?

– Mkojo unatengua udhu, dada. Asiyeweza kuuzuia ana hukumu yake. Muulize mwalimu wako, usione haya. Upande wa misuli: kaza kabla hujainuka.

Mkomani56: Wanaume wanaweza kufanya?

– Ndiyo, nao wanayo misuli hiyo. Waliopasuliwa tezi dume huelekezwa zoezi hilihili. Nao pia ni miezi, Mkomani, si siku nne.