Rangi adimu kwa kazi ndogo: namna ya kupanga bei ya vinili usiyokuwa nayo dukani

Kwa anayekata vibandiko vya vinili (plastiki nyembamba yenye gundi nyuma), bei ya mita mraba inafaa kwa nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano na buluu. Rola hizo zinaisha zenyewe, na kinachobaki leo kitakatwa kesho kwa mtu mwingine. Ukiitumia bei hiyo hiyo kwa vinili ya kioo (inayong'aa kama kioo) ya rangi ya shaba, kijani ya reflekta (inayorudisha mwanga wa taa) au pinki kali ya floresenti, utalipwa kwa kile mteja alichobandika na utabaki na deni la kile ulichonunua. Muuzaji wa Johannesburg au Dar es Salaam hakukatii sentimita 40. Anakuuzia mita 5, mita 10, au rola nzima, na rola nzima ya viwanda vingi ni mita 45.7 au 50.

Kwa hiyo kabla ya kusema bei yoyote, piga simu na uulize mambo manne: upana wa rola (61 cm au 122 cm), kiasi kidogo kabisa anachokubali kukata, jina na namba ya rangi, na kama shehena (mzigo uliotengenezwa kiwandani kwa mara moja) ni moja. Swali la shehena lina uzito. Kijani ya mwezi huu na kijani ya mwezi ujao, hata zikiwa na namba moja, zinaweza kutofautiana kidogo. Mlangoni pa gari tofauti hiyo inaonekana kutoka upande wa pili wa barabara. Agiza vyote kwa mara moja.

Kisha pima urefu halisi utakaohitaji, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoteza fedha bila kujua. Magurudumu ya plota (mashine inayokata vinili) yanashika kingo za vinili, kwa hiyo acha sentimita 2 hadi 3 kila upande. Mwanzo na mwisho wa kipande navyo havikatiki, maana magurudumu lazima yawe bado yameishika vinili wakati kisu kinakata: ongeza sentimita 15 mbele na 15 nyuma. Kipande cha sentimita 30 hakitoshi kazi ya sentimita 28, hata kama kwenye skrini kinaonekana kutosha. Ongeza pia kipande kidogo cha kujaribia shinikizo la kisu, kwa sababu kila vinili ngumu inataka jaribio lake.

Rangi za metali, za kioo na zile zenye mistari kama chuma kilichosuguliwa zina sharti jingine: herufi zote zikatwe zikitazama upande mmoja. Ukigeuza herufi moja nyuzi 90 ili ikae kwenye nafasi iliyobaki, jua likiipiga itaonekana ya rangi nyingine. Kwa vinili ya kawaida ninahesabu asilimia 15 ya upotevu. Kwa hizi ninahesabu 30 hadi 40, na sioni haya kumwambia mteja sababu.

Tuchukue mfano. Kampuni ndogo inayohudumia migodi ya Likasi na Kolwezi ina pickup 4. Inataka namba ya tarakimu tatu kwenye milango miwili na nyuma ya kila gari, kwa kijani ya reflekta kwa sababu kijani ni rangi ya kampuni. Hivyo ni vibandiko 12. Mteja ameandika kila kimoja kiwe na upana wa 40 cm na kimo cha 20 cm.

Rola ya 122 cm, ukitoa kingo, inakubakishia kama 117 cm. Vibandiko vitatu vya 40 ni 120, havikai. Utapanga viwili viwili, safu 6 za 22 cm (kimo cha 20 na nafasi ya 2), jumla 132 cm, na ukiongeza 30 za mwanzo na mwisho unapata 162 cm. Mwombe mteja akubali upana wa 38 cm. Sasa vinakaa vitatu, safu 4, yaani 88 cm, na pamoja na 30 unapata 118 cm. Sentimita mbili ambazo hakuna dereva atakayeziona zimeokoa sentimita 44 za vinili ya gharama. Mazungumzo haya yafanyike kabla ya devizi (karatasi ya bei unayompa mteja) kuandikwa, maana baada yake mteja ataona unampunja.

Sasa fedha. Bei ninazoandika ni za mfano, weka zako. Muuzaji anakata kuanzia mita 5, kila mita dola 14: ni dola 70. Usafiri na forodha hadi hapa Lubumbashi kupitia mpaka wa Kasumbalesa, dola 25. Gharama ya kutuma fedha, dola 3. Vinili imekufikia kwa dola 98.

Anayehesabu kwa mita mraba atasema: mita 5 mara 1.22 ni mita mraba 6.1, basi mita mraba moja inagharimu dola 16. Vibandiko 12 vina mita mraba 0.91, yaani dola 15 hivi. Atazidisha mara mbili, atoze 29, na ataamini amepata faida. Dola 69 zimelala kwenye bomba la karatasi nyuma ya mlango, na huenda hakuna mtu mwingine Lubumbashi atakayeomba kijani ya reflekta mwaka huu.

Hesabu inayofaa inaanza na zile 98 zote. Ongeza karatasi ya transfa (ya kuhamishia herufi kwenye gari) dola 3. Ongeza dola 4 za kisu, kwa kuwa reflekta ina chembechembe za kioo ndani yake na inamaliza ncha haraka. Tumia kisu cha nyuzi 60 badala ya 45, punguza mwendo, ongeza shinikizo hatua kwa hatua. Saa za kazi: 1 ya kutafuta na kuagiza, 1 na nusu ya kupanga na kukata, 1 ya kuchambua (kung'oa vinili isiyohitajika kuzunguka herufi), 3 za kusafisha milango na kubandika. Saa 6 na nusu kwa dola 6 ni 39. Kwenda kwenye gereji ya kampuni, dola 10. Jumla ni 154. Weka asilimia 25 ya faida na hatari, unafika 192.5. Kama umesajiliwa kwa TVA (kodi ya ongezeko la thamani), ongeza asilimia 16, inakuwa dola 223 na senti 30. Andika wazi kwenye devizi kama bei ni kabla ya TVA au pamoja nayo, kwa sababu kampuni za migodi zinalinganisha devizi tatu na mtu wa uhasibu hatakupigia simu kuuliza.

Ile saa moja ya kutafuta usiiache. Kupiga simu, kusubiri picha za rangi, kufuatilia mzigo mpakani: hiyo ni kazi, na ipo kwa sababu ya rangi aliyoichagua mteja.

Je, kila rangi isiyo ya kila siku ilipwe yote? Hapana. Jiulize kama utauza mabaki ndani ya miezi mitatu. Reflekta nyeupe, njano au nyekundu itauzika katika mji huu wenye malori mengi kiasi hiki, basi toza kilichotumika pamoja na upotevu. Dhahabu ya kung'aa, ambayo saluni na maduka ya nguo huiomba mara kwa mara, toza nusu ya mabaki. Kijani ya reflekta, kioo cha shaba, zambarau ya metali: toza yote. Na ukishatoza yote, mabaki ni mali ya mteja. Mwulize kama anayachukua au unamtunzia. Ukiyatunza, andika jina lake na tarehe kwenye bomba, na akirudi na pickup ya tano mtoze kazi tu. Fundi anayemlipisha mtu vinili ileile mara mbili anaiba, hata kama hakuna atakayejua.

Mabaki yasikunjwe. Yazungushwe kwenye bomba lenye kipenyo cha sentimita 7 au zaidi, upande wa rangi ukiwa nje, vinginevyo karatasi ya nyuma inajitenga na gundi na kufanya mifereji. Viwanda vingi huandika miaka 2 ya kuhifadhi kwa joto la nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50. Chumba chenye bati bila dari hakifiki hapo, kwa hiyo usimwahidi mteja kwamba mabaki yake yatafaa daima.

Kuhusu usafiri wa ndege hadi Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi: mzigo mwepesi na mrefu hulipiwa kwa nafasi. Kanuni inayotumika mara nyingi ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 6000. Bomba la 125 × 12 × 12 linahesabiwa kilo 3. Bomba la 65 × 12 × 12 kwa rola ya 61 cm ni kilo 1.56. Kama kazi inaingia kwenye 61, agiza 61.

Devizi nzuri ya rangi adimu ina bei zaidi ya moja. Mteja akiona 193 peke yake anaondoka. Akiona 193 na 95 anaanza kuchagua. Kwa mfano wetu, njia ya pili ni kuchapa kijani juu ya reflekta nyeupe kwa printa ya wino wa eko-solventi. Wino huo unapitisha mwanga, kwa hiyo taa za gari zikiupiga usiku zinarudi zikiwa kijani. Reflekta nyeupe mita 1.2, wino na filamu ya kukinga juu yake: tuseme dola 26 badala ya 98. Ondoa saa ya kutafuta. Transfa 3, kisu 4, kazi 33, safari 10, jumla 76, na asilimia 25 juu yake ni 95. Mapungufu yake uyaseme: rangi iliyochapwa inapauka mapema kuliko vinili iliyotiwa rangi kiwandani, wino mzito unapunguza mng'ao, na mahali ambapo mgodi unadai reflekta ya daraja fulani kwa maandishi, njia hii haitakubaliwa.

Kwa shaba, dhahabu na fedha printa haisaidii. Rangi nne za wino hazitoi metali, zinatoa kahawia na kijivu. Hapo njia ya bei nafuu ni kukata stensili kwa vinili ya bei ya chini na kupuliza rangi ya kopo. Kopo la ml 400 linatosha takribani mita mraba 1 kwa mipako miwili. Kwenye kibao cha Alucobond (bamba la alumini lenye plastiki katikati) kilichopigwa msasa mwepesi na kufutwa kwa spiriti, matokeo ni mazuri, na unanunua kopo moja badala ya mita 5. Ukipuliza wakati wa kiangazi, funga mlango. Vumbi jekundu likigusa rangi mbichi halitoki.

Floresenti na kioo zinahitaji onyo la maandishi. Rangi ya floresenti inaharibiwa na jua lenyewe: nje inapauka ndani ya miezi, kwa hiyo usiitolee dhamana ya mwaka. Vinili ya kioo haivutiki, inapasuka kwenye mikunjo ya gari, na inachubuka kwa kikwarua kisicho na kitambaa laini. Ibandike kwa maji yenye sabuni kidogo, kwenye uso bapa tu. Mteja akilazimisha ibandikwe kwenye boneti, andika kwenye fakitira (hati ya kudai malipo) kwamba sehemu hiyo haina dhamana, au ikatae kazi.

Umeme ni hatari nyingine ya kuingiza kwenye ile asilimia 25. Ukikatika katikati ya kazi, plota inapoteza mahali ilipokuwa, na kipande kinatupwa. Kwa nyeupe ni hasara ndogo. Kwa kioo cha shaba chenye mita moja tu, ni kuagiza upya. Kata vinili adimu plota ikiwa kwenye UPS (betri inayoendelea kutoa umeme ukikatika), au jenereta ikiwa tayari inazunguka.

Baridi pia ina bei yake. Asubuhi za Juni na Julai mlango wa chuma unaweza kuwa chini ya nyuzi 10, na gundi nyingi hazishiki hapo. Panga kubandika kuanzia saa nne, na kama kampuni inakutaka saa kumi na mbili kabla magari hayajatoka, ongeza muda wa kupasha joto.

Malipo: vinili yote pamoja na usafiri wake ilipwe kabla hujaagiza, asilimia 100 ya sehemu hiyo, hata kwa kampuni kubwa inayolipa fakitira baada ya siku 30 au 60. Kazi yako inaweza kusubiri, muuzaji wa Johannesburg hasubiri. Maneno yawe mafupi: "Papa, rangi hii haipo mjini. Inauzwa mita 5 kwa uchache, inafika hapa kwa dola 98, na hizo unazitoa leo. Kitakachobaki ni chako." Andika bei kwa dola, eleza kwamba faranga zitahesabiwa kwa kiwango cha siku ya malipo, na uipe devizi muda wa siku 7. Pamoja nayo mpe kipande cha rangi chenyewe, au picha iliyopigwa juani na nyingine usiku kwa flashi, akisaini kwamba ndiyo rangi aliyoichagua. Bila saini hiyo usitume fedha.