Kutoka Moshi mpaka Saadani, twende taratibu

Wadau, mmeniuliza sana inbox safari ya Saadani tuliifanyaje, haya shikeni kalamu. Sisi wa huku tumezoea Tarangire na Manyara, ila Saadani ndo hifadhi iliyopakana na Bahari ya Hindi, unatoka kumwangalia twiga unaenda kukanyaga mchanga wa pwani.

Kwanza, msiende masika, Machi mpaka Mei, ule udongo mweusi ukilowa gari haitoki. Sisi tulienda Agosti.

Pili, panda basi la Tanga asubuhi, mnapita Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, mkifika laleni. Gari ya kukodi ya porini mkubaliane bei hapohapo Tanga kabla hamjatoka.

Tatu ni Pangani, na hapa naomba msikimbie jamani. Hapa ndo Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim, tarehe 15 Desemba 1889, baada ya kuongoza vita ya watu wa Mrima, yaani huku pwani, waliokataa kampuni ya Kijerumani kuwatawala. Sisi tulivuka mto kwa pantoni, mimi nilikaa kimya mpaka ng'ambo.

Na Saadani kwenyewe alikuwepo Bwana Heri, mtawala wa mji. Juni 1889 jeshi la Wissmann, kamanda wa Wajerumani, likaupiga mji, yeye akarudi bara akajenga ngome za miti akaendelea kupigana, mpaka Aprili 1890 ndo akakubali suluhu. Shuleni tulikaririshwa Kinjekitile na Mkwawa, huyu mzee hata jina sikulijua, iliniuma.

Nne, boti ya mto Wami msiikose. Nahodha alizima mashine, maji ya kahawia yametulia, ghafla pua mbili zinapumua pembeni yetu, pfff, kiboko huyo kazama tena. Mamba wamelala tope kama magogo.

MASWALI

Mdau wa Himo: Kiingilio cash inapita?
Hapana kaka, omba kontrol namba ulipie kwa simu au benki, na kitambulisho cha NIDA usisahau ili ulipe bei ya Mtanzania.

Dada wa Sakina: Watoto wanaweza kuogelea?
Pwani ya wazi sawa, muulize askari kwanza. Karibu na mdomo wa Wami hapana dada, mamba wapo.

Mdau wa Majengo: Kasa tutawaona?
Wanataga ufukwe wa Madete, ni wale kasa wa kijani. Kuwaona ni bahati, na usimmulike tochi akiwa anapanda mchangani, atarudi baharini bila kutaga.

Mdau wa Himo: Habari za Bwana Heri nani ananisimulia?
Nenda kijijini Saadani kwa wavuvi, msalimie mzee shikamoo, kaa chini kwanza usitoe simu. Mimi nilikaa mpaka adhuhuri.