Kumfundisha mbwa kutembea na kamba bila kukuburuta

Mbwa ninaoletewa kufundisha hapa Nairobi wengi ni wa ulinzi. Mchana wamefungiwa bandani, usiku wanazurura uani, na siku wakitolewa nje ya geti wanamburuta mtu hadi mwisho wa mtaa. Wenyewe huniambia mbwa ni mkaidi. Kumbe mbwa amejifunza vizuri sana: akivuta, anafika anakotaka. Kila ukimfuata kamba ikiwa imekaza, umemlipa. Ndiyo maana kanuni ninayofundisha ni moja tu: kamba ikikaza tunasimama, ikilegea tunakwenda.

Vifaa

Tafuta kamba ya kawaida ya nailoni au ngozi, ya mita 1.5 hadi 2. Ile inayojikunja yenyewe ndani ya kishikio usiinunue. Springi yake inamvuta mbwa muda wote, naye anazoea kuvutwa. Mnyororo wa kukaba nao uache dukani, kwa sababu unaumiza koo. Mbwa mwenye nguvu mvalishe mkanda wa kifuani wenye pete mbele, kwenye kidari. Akivuta, mwili wake unageukia upande badala ya kusonga mbele. Ukitumia mkanda wa shingoni, vidole viwili vipite kati yake na shingo.

Chemsha maini bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), uyakate vipande vidogo kama punje za mahindi. Ugali hautafaa, huo anaula kila siku.

Hatua ya 1: uani, geti likiwa limefungwa

Simama naye, kamba ikining'inia. Akikutazama, sema "Safi!" kisha mpe kipande kando ya goti lako. Neno litangulie, chakula kifuate. Angalia pia mkono wako unatolea wapi chakula. Ukimpa mbele yako, atazoea kukukatiza njia. Ukimpa kando, hapo kando ndipo atakapopapenda. Piga hatua moja, mtuze. Mbili, mtuze. Kisha tano. Dakika 5 hadi 10 zinatosha kwa mara moja, kabla hajala.

Hatua ya 2: kusimama

Akikaza kamba, simama papo hapo. Bana mkono kiunoni, nyamaza, usimvute kurudi nyuma, maana mbwa akivutwa nyuma huzidi kuvuta mbele. Subiri. Atashangaa, atageuka, kamba italegea. Sema "Safi!", arudi kando yako, mwendelee.

Hapa wajanja huwashinda watu. Mbwa mwerevu hugundua mchezo: vuta, rudi, kula, vuta tena. Kwa hiyo akirudi, malipo yake yawe safari kuendelea tu. Maini yangoje mpaka atembee hatua kadhaa kando yako bila kukaza.

Hatua ya 3: geti

Watu huiruka hatua hii, halafu wanashangaa kwa nini mbwa aliyetulia uani anageuka mwingine barabarani. Fujo huanza pale anapoiona kamba. Akirukaruka, irudishe ulikoitundika, ungoje atulie. Ukifika getini, fungua kidogo. Akijitupa mbele, funga, ila angalia usimbane pua. Fungua tena. Akikaa akakutazama, tokeni. Siku nyingine somo lote litaishia hapo, na si hasara.

Hatua ya 4: barabarani

Anza alfajiri, kabla bodaboda hazijajaa. Jua likiwa kali, weka nyuma ya kiganja chako juu ya lami. Ukishindwa kuvumilia kwa sekunde 7, nyayo zake pia zitaungua.

Akimwona mbwa koko au mbuzi, mpe chakula mapema, kabla hajabweka. Akikataa maini anayoyapenda, mmekaribia mno: vukeni upande wa pili. Kunusa usimnyime. Baada ya kutembea vizuri, mpeleke kwenye nyasi, umwambie "Haya, nusa." Kwa mbwa wengi hiyo ni zawadi kubwa kuliko nyama.

Mkikutana na watu, fupisha kamba, uwe wewe kati yao na mbwa. Wapo wanaoogopa, na wapo Waislamu wasiotaka mate ya mbwa yaguse nguo wanazoswalia. Kumwambia mtu "haumi" hakumsaidii kitu. Na chanjo ya kichaa cha mbwa iwe tayari kabla hajatoka nje.

Msitu wa Karura, ambako mbwa hutakiwa kuwa kwenye kamba, uwekee akiba. Wale kima juu ya miti ni mtihani wa mbwa aliyekwisha kuiva.

Anayemtembeza ni nani?

Mara nyingi mwenye mbwa hufunzwa Jumamosi, halafu wiki nzima mbwa anatembezwa na askari wa geti au kijana wa shamba. Huyo ndiye ninayemtaka darasani. Ukimwagiza amzungushe mbwa mtaa mzima na kurudi upesi akafagie, hatapata nafasi ya kusimama kila kamba inapokaza, naye mbwa atarudi kuvuta. Mjazie maini mfukoni, umwambie waziwazi kwamba hizi wiki za mwanzo hata wasipofika kona ya kwanza, hutamuuliza.