Shule ya kutwa ya mjini: soma karatasi za wanafunzi kabla ya kuongeza vipindi

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka mwezi Januari na shule ikakuta imejaza ziro, yaani waliofeli kabisa, kikao cha walimu huku Temeke, Dar es Salaam, kinajua dawa moja: tuongeze muda. Kambi ya kitaaluma, vipindi vya jioni, Jumamosi nusu siku. Mzazi naye anamtafutia mwanawe tuisheni ya mtaani. Mimi nafundisha hisabati kwenye shule ya kata upande wa Mbagala, na hapohapo ni mwalimu wa taaluma. Muda siupingi. Ila mtoto aliyepotelea kwenye sehemu za darasa la tano humpati kwa kumfundisha logi mara tatu badala ya mara moja. Jua kwanza kapotelea wapi. Nitaeleza namna ya kujua na cha kufanya ukishajua. Nazungumza na walimu wenzangu, na mwishoni kidogo na wazazi.

Bunda la utamilifu

Zichukue karatasi za mtihani wa utamilifu, yaani mock, kabla hazijarudishwa darasani. Alama iliyoandikwa juu iache, hiyo ilishafika kwa mkuu wa shule na huko ndiko kazi yake. Chora jedwali: majina yashuke upande wa kushoto, namba za maswali ziende kulia. Kwenye kila kisanduku andika herufi moja tu. P kwa aliyepata. W kwa aliyeacha wazi. L kwa aliyejibu kitu kisichoulizwa, maana huyo lugha ndiyo iliyomwangusha. H kwa aliyejua njia akaharibu hesabu katikati. Mkondo wa watoto tisini unachosha, kwa hiyo gawaneni walimu wa somo, na msiwape wanafunzi kazi hii.

Ukimaliza, lisome jedwali kwa kushuka. Usianze kutafuta jina la fulani. Ukishuka safu ya swali moja ukakuta W tupu, mada hiyo haikufundishwa, au ilifundishwa wiki ya michezo. Hilo ni la mwalimu, litatueni kiungwana ofisini. Ukikuta L nyingi, swali halikueleweka. Ukikuta H nyingi, hapo ndipo penye mali, kwa sababu mtoto wa H yuko karibu kuliko alama yake inavyoonyesha.

Kwenye hisabati H zinafundisha mengi. Mtoto anaijua kanuni ya Pithagora, anaiandika vizuri, halafu anakwama kwenye mizizi. Anajua faida na hasara, ila asilimia kumi na tano ya 8,000 inamshinda. Mnajua kwa nini: chumba cha mtihani wa hisabati wa kidato cha nne hakiruhusu kikokotoo, ni majedwali ya NECTA, Baraza la Mitihani, tu, na mtoto wa mjini ana kikokotoo kwenye simu ya mama yake tangu darasa la nne. Kwa hiyo kwangu simu na kikokotoo marufuku kwenye zoezi lolote kuanzia kidato cha kwanza, na kila kipindi kinaanza na hesabu tano za mkono: kugawanya kwa desimali, sehemu, namba hasi. Dakika tano, karatasi chini, tuendelee. Watoto wanalalamika wiki za mwanzo, kisha wanaanza kushindana.

Kuna msaada mwingine wa bure ambao shule nyingi hazigusi. Kila mwaka NECTA huweka kwenye tovuti yake uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo na swali kwa swali, pamoja na picha za majibu halisi, mazuri na mabovu. Chapisha kurasa chache za somo lako. Wape wanafunzi jibu bovu bila kuwaambia ni bovu, wasahihishe wao. Darasa linalolala saa nane mchana huamka likipewa kalamu nyekundu.

Kidato cha kwanza, wiki ya kwanza

Tangu MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa 2004, shule za kata zimejaa, na elimu bila malipo ya 2016 ikaongeza watoto madarasani. Ni jambo jema, nalisema bila kejeli. Wengi wa wanafunzi wangu zamani wangebaki mtaani wakiuza karanga. Lakini tunawapokea watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili, tunawakabidhi kitabu cha Baiolojia cha Kiingereza, kisha tunashangaa. Tathmini za Uwezo, zilizofanywa na shirika la Twaweza, zilionyesha kuwa watoto wengi wanafika darasa la saba bila kuweza kusoma hadithi fupi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili.

Basi wapime mapema. Ukurasa mmoja unatosha: hesabu kumi za darasa la nne na la tano, na aya fupi ya Kiingereza ambayo kila mtoto anakuja kuisoma kwa sauti mbele ya mwalimu mmoja, faragha, wenzake wasisikie. Mtoto wa miaka kumi na nne asiyejua kusoma amejifunza ufundi wa kujificha: anaazima daftari, ananakili kwa mwandiko mzuri, hana kelele. Huyo anaweza kufika mtihani wa kidato cha pili bila mwalimu yeyote kumgundua, kisha akarudia mwaka akiwa na tatizo lilelile.

Waliokwama wapangie nusu saa kila siku, na vitabu vya shule ya msingi. Ndiyo, vya msingi. Vikopeni shule ya jirani. Wataona aibu, kwa hiyo usiwaite "darasa la wasiojua". Sisi tunawaita klabu ya kusoma na tumewachanganya na wachache wanaosoma vizuri.

Kuhusu lugha nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Yale mabango ya kukataza Kiswahili kwenye korido, na kibao anachovishwa mtoto aliyeteleza, yanazalisha darasa lililonyamaza. Mtoto asiyeuliza swali kwa lugha yoyote hajifunzi Kiingereza, anajifunza kukaa kimya. Ninachofanya ni hiki: swali tunalisoma kwa Kiingereza kwa sauti, mmoja analieleza kwa Kiswahili kwa maneno yake, tunabishana kama kaelewa sawa, kisha jibu linaandikwa kwa Kiingereza. Mtihani unataka maandishi, basi ukali wangu nauweka kwenye maandishi.

Watoto tisini, mwalimu mmoja

Usijaribu kusahihisha madaftari tisini kila siku. Utachoka ifikapo Machi na utaanza kupiga alama ya vema bila kusoma, na watoto wanajua. Zoezi sahihisheni palepale darasani, wabadilishane madaftari na jirani, wewe uchukue madaftari ya safu moja tu kwa kusoma kwa makini, kesho safu nyingine. Madawati yakiwa yamebanana huwezi kutembea katikati. Acha njia hata kwa kuwasogeza wanne wanne waangaliane. Kundi la wanne lina faida nyingine: unauliza kundi, na anayejibu unamchagua wewe, si wao. Hapo kipanga analazimika kumwelewesha mwenzake.

Viboko sitavijadili sana. Sijaona mtoto aliyejua kugawanya sehemu kwa sababu alichapwa.

Daladala, ratiba na tumbo

Fungua daftari la mahudhurio la miezi mitatu, utafute ruwaza. Kwetu kipindi cha kwanza kinakuwa na nusu ya darasa, na sababu iko barabarani. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, konda anamhesabu mtoto kuwa ni hasara. Watoto wa Chamazi na Mbande wanasimama kituoni daladala zikiwapita. Wanafika jasho linawatoka, kisha wanapigishwa magoti getini kwa kuchelewa, na hapo kipindi cha pili nacho kimekwenda.

Mkuu wa shule anaweza kuzungumza na viongozi wa kituo na askari wa usalama barabarani, na kwa wiki kadhaa hali hupoa. Lakini lililo mikononi mwako kabisa ni ratiba. Toa hisabati na Kiingereza kwenye kipindi cha kwanza, weka cha pili na cha tatu. Kipindi cha kwanza kiwe cha kusoma kimya au marudio, ambacho aliyechelewa anaingia bila kuvuruga. Adhabu ya getini ihamie mapumziko. Haya hayana gharama hata ya chaki, ila tegemea ubishi, maana kila mwalimu anautaka muda wa asubuhi.

Kuhusu chakula: shule ya kutwa ya serikali inategemea makubaliano ya wazazi, na mkutano wa wazazi mjini unaitishwa saa tatu asubuhi ya Jumatano, mama lishe na dereva wa bodaboda wako kazini. Uitisheni Jumapili alasiri. Uji wa saa nne, au makande ya mchana pale wazazi wanapoweza, hurudisha vipindi viwili vya mwisho ambavyo vinginevyo unafundisha watu wenye njaa.

Na kambi za jioni? Zinafaa kama zinakwisha mapema. Msichana anayetoka shuleni saa moja usiku kwenda kusimama kituo cha daladala cha Rangi Tatu amewekwa kwenye hatari kwa jina la taaluma. Sisi tunafunga saa kumi na moja, darasa moja wazi kwa kujisomea, mwalimu wa zamu yupo. Watoto wengi wanalitaka darasa hilo kwa sababu ya meza tu. Nyumbani ni chumba na sebule, watu saba, na Ijumaa ukuta wa jirani una kigodoro, ngoma ya mtaani ya usiku.

Hesabu ya madaraja

Mwanafunzi wa kidato cha nne anayekata tamaa hajui hesabu ya madaraja, na ajabu ni kwamba walimu wengi hawamfundishi. Masomo saba bora ndiyo yanayohesabiwa. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Ziro ni pointi 34 au 35. Mwenye D mbili na F tano ana 33, yaani daraja la nne. Mwenye C moja na F sita, vilevile 33. Mwandikie ubaoni hesabu hiyo, kisha muulize ni masomo gani mawili yanamkaa. Anayeona ukuta wa masomo tisa akiona masomo mawili anafungua daftari. Akipata mawili, mwongezee la tatu.

Hisabati, ambayo zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini huambulia F, ina njia yake. Mtihani wa miaka ya karibuni una maswali 14, yote ya lazima: kumi ya alama sita sita, manne ya alama kumi kumi. D inaanzia 30. Mtoto aliyeimarika kwenye seti, uwiano, faida na hasara, mfuatano, na takwimu anaikaribia bila kugusa trigonometria. Wanaolenga A hawahitaji ushauri huu, wape mitihani iliyopita na uwaache wafanye kazi.

Kuna njia nyingine ya kupandisha wastani ambayo naijua na siitaki: kuwashauri dhaifu wahame au wasijisajili. Orodha inapendeza, na watoto wako mtaani.

Kwa mzazi

Wazazi huniambia, "Mwalimu, mimi mwenyewe niliishia la saba, nitamsaidiaje?" Mwombe daftari moja kila jioni. Tazama tarehe. Kama somo la vipindi vitano kwa wiki lina tarehe mbili, kuna kitu: mtoto hayuko darasani, au mwalimu hayupo. Vyote viwili una haki ya kuja kuuliza. Mwambie akueleze kwa Kiswahili alichoandika, akishindwa, kanakili.

Kabla ya kulipia tuisheni, nenda ukasimame mlangoni. Ukikuta watoto mia wananakili ubaoni, hiyo ni shule ya pili yenye msongamano uleule. Bora umlipe mwanafunzi wa chuo wa mtaani akae na wanne barazani. Vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, simu yako inatosha. Apakue sura anayohitaji mkiwa na bando, kisha zima data. Aliye karibu na mjini kati ana Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi, yenye meza na utulivu.

Kazi za nyumbani sisemi mtoto aache. Ila msichana anayepika, kufua na kulea mdogo wake hadi saa nne usiku, huku kaka yake yuko kibanda cha mpira, mgawieni kaka huyo ndoo.

Novemba, wiki ya mtihani, mambo ni ya mkono. Nauli ya siku zote itengwe mapema na ikae kwa mtoto mwenyewe. Namba ya mtahiniwa iandikwe nyuma ya daftari na ukutani. Kalamu mbili, rula, seti ya hisabati. Simu ibaki nyumbani, kwani kukutwa nayo kwenye chumba cha mtihani kunaweza kufuta matokeo yote. Anayekaa mbali, kama Mbande au Kongowe, mtafutieni ndugu wa karibu na shule alale huko usiku wa kuamkia hisabati, na mtupe taarifa shuleni kalala kwa nani, ili saa moja na nusu asipoonekana tujue pa kupiga simu.