Kusimamisha Mlingoti wa Mita 12 katika Ploti ya Nairobi

Mlingoti wa kubebea antena ya intaneti, kamera ya ulinzi au taa ya uwanja huinuliwa kwa muda usiozidi saa moja, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba kazi yote ni ya nusu siku. Sehemu kubwa ya kazi hii imo ardhini, katika kupima, kuchimba nanga (vitalu vya zege vinavyozikwa ili kushikilia nyaya) na kukokotoa nguvu itakayobebwa na kila kamba, na fundi anayeharakisha hatua hizo huhatarisha maisha ya wenzake. Maelezo haya yanahusu mlingoti wa mabomba mawili ya chuma ya mita 6, la inchi 3 chini na la inchi 2 juu, yaliyounganishwa kwa flanji (sahani za chuma zilizo kwenye ncha za mabomba) na boliti, ambao pamoja na vifaa vyake una uzito wa takriban kilo 100.

Anza kwa kuangalia juu. Mlingoti ukianguka usiweze kugusa waya wa umeme upande wowote, na umbali ninaousisitiza mimi ni mara moja na nusu ya urefu wa mlingoti, yaani mita 18. Pale ambapo nafasi hiyo haipatikani, fupisha mlingoti, au omba umeme ukatwe rasmi kwa muda wa kazi. Nairobi pia ina Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Uwanja wa Wilson na kituo cha ndege za kijeshi cha Eastleigh, kwa hiyo kimo cha mlingoti hutakiwa kuidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, nayo kaunti ina vibali vyake vya ujenzi. Ulizia mambo haya kabla ya kununua bomba la kwanza.

Kisha pima ploti. Nyaya za kushikilia mlingoti zinapaswa kufika ardhini kwa umbali usiopungua asilimia 60 ya kimo, ambao kwa mita 12 ni mita 7.2 kila upande. Ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ni ya kawaida sana huku kwetu, ina upana wa mita 15 na kidogo, hivyo nyaya hizo huingia kwa shida. Ploti ya futi 40 kwa 80 haiwezi kuzibeba, na mwenye ploti kama hiyo aridhike na mlingoti wa mita 9. Nimeona watu wakizifunga nyaya karibu na shina ili kuokoa nafasi ya kuegesha gari. Waya uliosimama wima namna hiyo huukandamiza mlingoti kuelekea chini badala ya kuuzuia usiyumbe.

Suala la udongo linastahili muda wako mwingi kuliko yote. Kangemi, Kabete na sehemu za magharibi kwa jumla zina udongo mwekundu unaoshika vizuri. Embakasi, Utawala na nyanda zinazoelekea Mto Athi zina udongo mweusi ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na nanga iliyozikwa ndani ya tabaka hilo husogea kila msimu hata kama zege lake ni zuri. Katika udongo mweusi chimba mpaka ulipite tabaka hilo na kufikia murramu au mwamba. Mchemraba wa zege wenye sentimita 60 kila upande una uzito unaozidi kidogo kilo 500, na unatosha kwa kila nanga ya mlingoti huu ukizikwa kwenye ardhi ngumu na kushindiliwa juu yake. Changanya sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, ulimwagilie maji kwa siku saba, wala usilitundikie mzigo wowote kabla ya siku hizo kwisha. Zege hufikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28, na mwenye subira angoje.

Chimba nanga nne zinazotazamana kama pembe za msalaba: ya mbele, ya nyuma na mbili za kando. Katikati, mlingoti hukaa juu ya kitako cha zege chenye bawaba nzito iliyofungwa kwa boliti. Hapa kuna kanuni ambayo sikubali ivunjwe: nanga mbili za kando lazima zikae kwenye mstari mmoja na pini ya bawaba, tena kwa kiwango kimoja nayo. Zikikaa hivyo, nyaya za kando hubaki na urefu uleule tangu mlingoti ukiwa umelala mpaka usimame, nazo huuzuia usipinduke ubavuni muda wote. Niliwahi kuitwa kusaidia huko Ruai ambako nanga moja ya kando ilikuwa imewekwa ndani ya bonde dogo, kama nusu mita chini ya bawaba. Mlingoti ulipofika nusu ya safari, waya wa upande ule ulikaza kama uzi wa zeze na bomba likaanza kupinda. Tulilazimika kuushusha polepole na kuchimba upya. Tangu siku hiyo hupima viwango kwa mpira wa maji wenye ncha mbili, kwa kuwa macho hudanganya kwenye mteremko.

Sasa laza mlingoti kuelekea nanga ya nyuma, uegemee vigogo viwili au vitatu, ufunge antena na nyaya zote ukiwa bado chini. Ukijaribu kuuvuta kwa kamba inayotoka moja kwa moja kwenye winchi (mashine ya kuvutia kamba), hautanyanyuka, kwa sababu kamba itakuwa karibu sambamba na bomba na nguvu yote itaishia kuisukuma bawaba. Ndiyo maana tunatumia mti wa kuinulia, ambao ni bomba fupi linalosimama wima penye bawaba, likiwa limefungwa pembemraba na mlingoti. Waya wa mbele wa mlingoti hufungwa kwenye kilele cha mti huo, na kutoka kileleni humo kamba ya kuvutia huelekea kwenye winchi.

Urefu wa mti huo una maana kubwa. Tuchukulie kwamba kilo zetu 100 zimekaa katikati ya mlingoti, na kwamba winchi iko mita 8 mbele ya bawaba. Mti wa kuinulia wa mita 2 utaidai kamba ibebe takriban kilo 310 mwanzoni. Mti wa mita 4 utapunguza mzigo huo hadi kilo 170 hivi, na mti wa mita 6 hadi kilo 125. Mimi huchagua mita 4, theluthi moja ya mlingoti, kwani mti mrefu zaidi nao huwa mzito na mgumu kuushika. Kumbuka pia kwamba wakati huohuo bawaba inasukumwa kuelekea winchi kwa nguvu ya kilo 150 hivi, na boliti nyembamba haziwezi kuistahimili. Mti wenyewe uwe na nyaya zake za kando, zilizofungwa kwenye mstari uleule wa bawaba, la sivyo utaanguka ubavu.

Tumia winchi ya mkono yenye breki. Sikubali gari litumike kuvuta: dereva haoni mlingoti, klachi haijui sentimita, na kosa la sekunde moja halirudishwi. Waya wa chuma wa milimita 6 hubeba takriban tani 2 kabla ya kukatika, kiasi ambacho kinatuachia akiba ya kutosha. Kila ncha ifungwe kwa klipu (vibanio vya waya) tatu, huku tandiko la klipu likikaa upande wa waya unaobeba mzigo na sehemu yenye umbo la U ikibana ncha fupi. Ukizigeuza, klipu zitauponda waya unaotegemewa.

Siku ya kuinua, anza asubuhi kabla upepo haujaamka. Mtu mmoja tu ndiye atoe amri, na asishike kamba yoyote. Wengine wote wakae mbali na eneo ambalo mlingoti unaweza kuangukia, watoto na majirani wakiwemo. Inua kilele nusu mita, usimame, kisha ukague kila klipu, pingu (kiungo cha chuma cha kuunganishia waya) na nanga kwa dakika kumi, kwa kuwa hapo ndipo kamba inabeba mzigo mkubwa kuliko wakati mwingine wowote. Kama kuna kitu kitakachokatika, na kikatike mlingoti ukiwa chini. Baada ya hapo mzigo huzidi kupungua kadiri mlingoti unavyopanda.

Hatari ya pili huja karibu na wima, wakati winchi inapokuwa nyepesi na watu wanaanza kushangilia. Uzito ukivuka bawaba, mlingoti hutaka kuangukia mbele, na kinachouzuia ni waya wa nyuma pekee. Mtu anayeusimamia auzungushe mara mbili au tatu kwenye kigingi imara na kuulegeza kidogo kidogo, bila kuuzungusha mkononi kamwe. Ukishasimama, hamisha waya wa mbele kutoka kwenye mti hadi kwenye nanga yake, winchi ikiwa bado imeshika, kisha unyooshe mlingoti kwa timazi kutoka pande mbili.

Nguzo za mbao za mkaratusi hazihitaji bawaba. Kina cha shimo ni sehemu ya kumi ya urefu wa nguzo pamoja na sentimita 60, hivyo nguzo ya mita 9 huingia mita moja na nusu. Chimba mfereji wa mteremko upande mmoja wa shimo na usimamishe ubao kwenye ukuta wa pili, ili kitako kiteleze juu ya ubao bila kubomoa udongo. Kisha inueni kwa miti iliyofungwa mkasi, na mshindilie udongo kila baada ya sentimita 20. Minara ya vyuma vilivyosukwa, inayojengwa kipande juu ya kipande na watu wakiwa angani, waachieni mafundi waliofunzwa kupanda.

Rudi baada ya wiki moja ukaze nyaya upya, kwani waya mpya hurefuka, na urudi tena baada ya mvua za Machi hadi Mei kuukagua udongo unaozunguka kila nanga. Ukiona udongo umejitenga na zege kwa ufa, au waya mmoja umelegea ilhali wa upande wa pili umekaza, nanga imesogea, na ni lazima ichimbwe upya kabla ya mvua za Oktoba.