Somo: Kuzuia unyevu usipande kutoka chini ya nyumba (DPM, yaani nailoni ya chini ya sakafu, na DPC, yaani utepe usiopitisha maji unaolazwa ukutani juu ya msingi)

Kila masika natumiwa picha zilezile: rangi imevimba, lipu inapukutika, unga mweupe umetanda ukutani hadi usawa wa goti. Na swali ni lilelile: "Mkuu, nipake rangi gani?" Hakuna rangi ya kutibu hilo. Maji yanatoka ardhini na kupanda ndani ya tofali kama mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi. Naandika leo, atakayeuliza tena nitamtumia hapa. Somo ni la anayejenga sasa kwa tofali za saruji, Dar na ukanda wa pwani.

1. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi.

2. Jaza kifusi au moramu, shindilia kila tabaka la sentimita 15. Mfinyanzi usitumie.

3. Nyunyiza dawa ya mchwa.

4. Tandaza mchanga laini, sentimita 5, mawe yasitoboe nailoni.

5. Tandika nailoni ya geji 1000, yaani maikroni 250. Vipande vipishane sentimita 30, bandika tepu.

6. Pembeni. Nyumba yangu ya kwanza iliharibikia hapa: sakafu katikati kavu, kuta zote zinalia. Mafundi wengi hukata nailoni inapofika kwenye ukuta wa msingi, unabaki mwanya wa vidole viwili, na maji hayahitaji zaidi ya hapo. Nailoni ipande, ilale juu ya tofali la mwisho la msingi, ipishane na DPC ya ukuta. Pasiwe na mahali ambapo jamvi (zege la sakafu) linagusa udongo, wala tofali la ukuta kugusa la msingi bila DPC katikati. DPC ienee upana wote wa ukuta na itokeze kidogo nje. Fundi wa lipu atataka kuikata au kuifunika kwa lipu hadi ardhini. Mkatalie, maji yatapanda kupitia hiyo lipu. Na kagua mwenyewe kabla zege halijamwagwa. "Tumeshaweka, bosi" si ukaguzi. Baadaye dawa yake ni kuvunja.

7. Mwaga jamvi, sentimita 10. Wabeba zege wasiburute nondo juu ya nailoni.

8. Nje, DPC ibaki angalau sentimita 15 juu ya ardhi.

MASWALI

Mkazi_Goba: Somo zuri mkuu. Sasa kwa nyumba iliyokwisha, nipake rangi gani?

Jibu: Soma aya ya kwanza.

Mkazi_Goba: Nimesoma. Nisaidie tu.

Jibu: Haya. Uliinua uwanja kwa kifusi au ukatandaza pevingi baada ya kujenga?

Mkazi_Goba: Pevingi, mwaka jana.

Jibu: Basi umefukia DPC. Shusha usawa wa nje kuzunguka nyumba, bandua lipu iliyolowa, uache ukuta ukauke miezi kadhaa. Rangi mwisho kabisa.

MamaTofali: Samahani kaka, kwangu unga mweupe uko usawa wa dirisha, chini pakavu. Ni tatizo hilohilo?

Jibu: Umeangalia vizuri, dada. Unyevu wa ardhini huanzia chini na kwa kawaida hauvuki mita moja na kidogo. Wako tafuta juu: kizingiti cha dirisha kinachoingiza mvua, au bomba lililofukiwa ukutani. Kwa sakafu kuna kipimo rahisi: bandika kipande cha nailoni, ziba kingo zote kwa tepu, acha hadi kesho yake. Matone yakiwa chini ya nailoni, maji yanatoka ardhini. Yakiwa juu, ni hewa ya chumbani, fungua madirisha.

Kijana_Site: Turubai la kuanikia mahindi linafaa?

Jibu: Hapana.

Kijana_Site: Kwa nini?

Jibu: Jua limeshalila, lina matundu.

Mzee_Njombe: Mnapoteza pesa za watu. Nyumba ya baba haina nailoni na ni kavu.

Jibu: Shikamoo mzee. Msingi wa mawe, mlimani?

Mzee_Njombe: Marahaba. Ndiyo.

Jibu: Jiwe gumu halinywi maji kama tofali, na mlimani maji yanateremka. Nimeandikia pwani, nimesema juu pale.

Bi_Mvita: Yetu ni ya zamani, mawe ya matumbawe na chokaa. Fundi ataka kupiga lipu ya saruji.

Jibu: Mzuie leo, bibi. Kuta hizo hazina DPC. Zinaishi kwa sababu chokaa hupumua, unyevu unaingia na kutoka. Saruji itaufungia ndani na lipu itabanduka. Rudishia chokaa na mchanga.

MamaTofali: Nitajuaje mchanga una chumvi?

Jibu: Tia konzi kwenye glasi ya maji ya kunywa, koroga, yaache yatulie, onja, tema. Chumvi huvuta unyevu wa hewani hata kama msingi ni mzuri.

MamaTofali: Nimeonja. Ni chumvi kabisa.

Jibu: Rudisha lori.